Somo: Ukaguzi wa ubora chuoni, tukimfuata mwanafunzi badala ya faili

Somo hili ni la wenzangu walio kwenye kamati za ubora katika vyuo vya huku kwetu, kuanzia Njoro na Nakuru mjini hadi Maseno, Bondo, Kakamega na Bungoma. Nawalenga hasa wakuu wa idara, makarani wa mitihani na wahadhiri ambao wamepewa barua ya kuteuliwa kuwa wakaguzi wa ndani bila kuonyeshwa pa kuanzia.

Ukaguzi mwingi huanzia kabatini. Mkaguzi anaingia ofisini, anaulizia faili, analiona, anatia tiki na kwenda zake. Wakati huohuo kuna mwanafunzi wa mwaka wa nne ambaye hawezi kuhitimu kwa kuwa alama zake za somo moja la mwaka wa pili hazionekani popote. Faili lipo, tiki ipo, naye bado anazunguka ofisi hadi ofisi. Msimamo wangu ni kwamba ukaguzi unaostahili jina hilo humchukua mwanafunzi mmoja na somo moja, ukafuata kila mlango aliopitia. Ukifanya hivyo, mambo ya kitaaluma na ya kiutawala hujitokeza pamoja, kwa sababu kwa mwanafunzi hayajawahi kutengana.

Kabla ya yote: unakagua kwa kigezo gani?

Mkaguzi asiye na kigezo huishia kutoa maoni yake. Kwa chuo kikuu nchini Kenya, kigezo cha kwanza ni Sheria ya Vyuo Vikuu, nambari 42 ya 2012, iliyounda Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE, kuchukua nafasi ya tume ya awali iliyokuwapo tangu 1985. Chini ya sheria hiyo kuna kanuni na viwango. Kisha kuna stakabadhi za chuo chenyewe: katiba ya chuo, kanuni za mitihani zilizopitishwa na seneti, mitaala iliyoidhinishwa, na hati ya huduma iliyobandikwa mlangoni. Chuo chenye cheti cha ISO 9001, kiwango cha kimataifa cha mifumo ya usimamizi wa ubora, kinafungwa pia na toleo la 2015, ambalo kifungu chake cha 9.2 kinahusu ukaguzi wa ndani. Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, lenye makao yake Kampala, nalo lina miongozo inayoitaka programu ijitathmini yenyewe kabla ya wageni kufika.

Zisome stakabadhi hizo kwa kalamu mkononi. Kila unapokuta neno "lazima", liandike kama swali la kuuliza.

Hatua ya kwanza: panga, na uchague wakaguzi

Usikague kila kitu kila muhula. Kifungu cha 9.2 kinataka mpango uzingatie uzito wa shughuli, mabadiliko yaliyotokea na matokeo ya ukaguzi uliopita. Kwa hivyo idara iliyobadilisha mfumo wa kuingiza alama mwaka huu itangulie ile iliyotulia. Mtu asikague kazi yake mwenyewe: mhadhiri wa kilimo aende elimu, karani wa elimu aende maktaba. Itume ratiba mapema. Kuvamia idara ghafla hujenga uadui, na idara yenye uadui haikuambii ukweli.

Hatua ya pili: chukua sampuli mwenyewe

Usimruhusu mkuu wa idara akuchagulie masomo ya kukaguliwa. Pata orodha ya masomo yote yaliyofundishwa muhula ule, kisha uchague kwa bahati nasibu. Changanya: somo lenye wanafunzi wengi wa mwaka wa kwanza, somo lenye maabara, somo linalofundishwa na mhadhiri wa muda, na mwanafunzi mmoja wa uzamili aliye kwenye utafiti. Mara nyingi huyo wa uzamili ndiye atakayekuonyesha mengi zaidi, kwa sababu faili lake litakuambia alikutana na msimamizi lini, maoni ya maandishi yalirudi baada ya muda gani, na kama kuna miezi mizima ambamo hakuna chochote kilichoandikwa.

Hatua ya tatu: fuata njia

Hapa ndipo kiini cha somo kilipo, nami naomba tutulie kidogo.

Tuseme umechagua somo la takwimu la mwaka wa pili. Anza na mtaala ulioidhinishwa. Je, muhtasari wa kozi aliowapa mhadhiri wanafunzi unafanana nao, au ni wa miaka mingi iliyopita na vitabu vilivyotajwa havimo maktabani? Nenda maktaba ukaangalie mwenyewe. Kisha ratiba na rejesta ya mahudhurio. Hesabu saa zilizofundishwa kweli, ulinganishe na zile zilizomo kwenye mtaala.

Ingia kwenye mtihani. Rasimu ya mtihani ilijadiliwa na wenzake mhadhiri kabla ya kuchapishwa? Tafuta tarehe. Maoni waliyotoa yaliingizwa kwenye karatasi ya mwisho, au fomu ilitiwa sahihi tu? Mtahini wa nje, yaani msomi wa chuo kingine anayeipitia mitihani yenu, alisema nini mwaka uliopita, na ni nani aliyelifanyia kazi alilosema? Mimi hulitazama swali hili la mwisho kuliko mengine, maana ripoti ya mtahini wa nje husomwa kikaoni kisha ikasahaulika.

Sasa weka hesabu tatu mezani: idadi ya waliotia sahihi katika chumba cha mtihani, idadi ya vijitabu vya majibu alivyopokea mhadhiri, na idadi ya alama zilizofika kwenye mfumo. Hesabu hizo lazima zilingane. Zikiwa 118, 118 na 115, usiandike "alama chache zinakosekana". Watafute hao watatu kwa nambari zao za usajili. Mmoja huenda alijisajili akiwa amechelewa na jina lake halikuwa kwenye orodha. Wa pili alikalia mtihani wa marudio na alama yake ikabaki katika idara nyingine. Wa tatu, kijitabu chake kipo, kimesahihishwa, lakini aliyeingiza alama aliruka mstari. Ni matokeo matatu yanayofanana yenye vyanzo vitatu tofauti, na kila chanzo kina ofisi yake.

Hapo umeshavuka mpaka wa taaluma na utawala. Endelea. Kama somo lina maabara na mazoezi manne kati ya kumi hayakufanyika, muulize fundi wa maabara kwa nini. Akisema kemikali hazikuwapo, nenda bohari. Bohari watakuonyesha lini ombi liliandikwa. Idara ya ununuzi itakuonyesha lini agizo lilitoka. Huenda ukagundua kwamba mhadhiri aliomba vitu muhula ukiwa umeshaanza, au kwamba aliomba kwa wakati na karatasi ikakaa mezani kwa mtu. Usimlaumu mtu kabla ya kuziona tarehe.

Malizia kwenye dirisha la huduma. Hati ya huduma inaahidi nakala ya matokeo kwa siku fulani. Fungua rejesta ya maombi, uchukue maombi kadhaa yaliyofuatana, uhesabu siku kuanzia ombi hadi kukabidhiwa. Kisha zungumza na wanafunzi waliosimama kwenye foleni, wakuu wa idara wakiwa hawapo.

Hatua ya nne: andika hoja inayoweza kusimama

Hoja, yaani kasoro ambayo mkaguzi ameikuta na kuiandika, ina sehemu tatu: sharti, ushahidi, na pengo lililopo kati yake. "Idara haiko makini na mitihani" si hoja, ni lawama. Linganisha na hii: "Kanuni za mitihani zinataka rasimu ijadiliwe kabla ya kuchapishwa. Katika masomo sita yaliyokaguliwa, fomu mbili zina tarehe iliyo baada ya siku ya mtihani. Kwa hivyo hakuna ushahidi kwamba rasimu hizo mbili zilijadiliwa kwa wakati." Mkuu wa idara hawezi kubishana nayo, na wala haimdhalilishi. Isome mbele yake kabla ya kikao cha kufunga ukaguzi, umpe nafasi ya kuleta ushahidi ambao hukuuona.

Andika pia yaliyo mazuri. Ukikuta karani aliyebuni daftari la kupokelea vijitabu vya majibu, lenye sahihi ya anayetoa na anayepokea, lisifu kwa maandishi ili idara nyingine ziige.

Hatua ya tano: fuatilia hadi chanzo kiondoke

Kuwatafutia wale watatu alama zao ni kazi ya lazima, ifanywe mara moja. Lakini hapo bado hujarekebisha kitu kwa muhula ujao. Idara ieleze kwa nini ilitokea, iangalie kama hali hiyo ipo katika masomo mengine ambayo hukuyakagua, iseme itabadilisha nini, nani atafanya na kufikia lini. Baada ya mtihani unaofuata, rudi uhesabu tena zile hesabu tatu. Hoja usiifunge kwa barua inayosema "tumechukua hatua". Ifunge kwa hesabu zinazolingana.

Ripoti iende kwa uongozi, na ijadiliwe katika kikao cha uongozi cha kupitia mfumo wa ubora, ikiwa na orodha ya hoja za zamani ambazo bado ziko wazi. Nimeona orodha hiyo peke yake ikiamsha watu kuliko ripoti ndefu.

Maswali ya wanachama

Mhadhiri, Kakamega: Asante mwalimu kwa somo. Kwetu alama nyingi zinazokosekana ni za wahadhiri wa muda ambao hawajalipwa, wanazishikilia hadi walipwe. Mkaguzi ataandika nini hapo?

*Jibu:* Asante, Daktari. Ataandika anachokiona, pande zote mbili. Hoja ya kwanza ni ya idara: alama hazikuwasilishwa ndani ya muda uliowekwa na kanuni. Hoja ya pili ni ya ofisi ya wafanyakazi na ya fedha: mkataba una tarehe gani, madai yaliwasilishwa lini, yalikwama wapi. Nimekuta mikataba iliyotiwa sahihi muhula ukikaribia kwisha, na malipo hayawezi kuanza bila mkataba. Ukiandika hoja ya kwanza pekee umemwonea mhadhiri, ukiandika ya pili pekee umemsahau mwanafunzi. Na idara ihakikishe vijitabu vilivyosahihishwa vinabaki chuoni, visikae nyumbani kwa mtu.

Mkufunzi, Kisumu: Sisi ni chuo cha ufundi, hatuko chini ya CUE. Somo hili linatuhusu?

*Jibu:* Linakuhusu sana. Nyinyi mko chini ya TVETA, mamlaka inayosimamia elimu na mafunzo ya ufundi, iliyoundwa na sheria ya mafunzo ya ufundi ya 2013. Kigezo ndicho kinachobadilika. Njia ni ileile. Katika mafunzo ya umilisi, ambamo mwanafunzi hupimwa kwa kile anachoweza kukifanya, badala ya vijitabu vya majibu fuata jalada la ushahidi wa kazi alizofanya mwanafunzi. Kazi aliyopimwa ni ile iliyomo kwenye kiwango cha kazi? Alipimwa kwenye mashine inayofanya kazi? Ingia karakana uiwashe mashine hiyo.

Karani wa mitihani, Njoro: Wakaguzi walipokuja walitaka nakala za mafaili ya wanafunzi waondoke nazo. Nilikataa, wakasema sina ushirikiano.

*Jibu:* Ulifanya vyema, dada. Tangu 2019 tuna Sheria ya Ulinzi wa Data, na alama za mwanafunzi ni taarifa zake binafsi. Mkaguzi asome faili mbele yako na kunukuu nambari ya faili, ukurasa na tarehe. Inatosha. Akihitaji nakala kweli, aombe kwa maandishi, majina yafichwe, na uandike umempa nini. Ripoti yenyewe isitaje jina la mwanafunzi hata mmoja.

Mwanachama, Bondo: Ukaguzi huu na ule wa mahesabu ni kitu kimoja?

*Jibu:* Hapana. Ule unaangalia fedha, na katika vyuo vya umma Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ana mamlaka yake. Mnaweza kugawana ushahidi, lakini msigawane ripoti.

Mkuu wa idara, Nakuru: Wiki moja kabla ya ukaguzi watu hukaa usiku kutia sahihi fomu za muhula mzima. Nimekemea, bado wanafanya. Nifanyeje?

*Jibu:* Kwanza tuliite kwa jina lake: ni kughushi, na ni kosa zito kuliko fomu tupu. Fomu tupu inatuambia kazi haikufanyika, au haikuandikwa. Fomu ya kughushi inaficha jambo ambalo litamuumiza mwanafunzi baadaye. Mkaguzi mzoefu huzitambua: kikao kilichofanyika siku ya sikukuu, rejesta ya wiki kumi na nne yenye wino mmoja, mahudhurio ya wakati chuo kilikuwa kimefungwa kwa mgomo. Kwa upande wako, punguza fomu. Nyingi hazisomwi na mtu, na watu huacha kujaza kisichosomwa. Zile utakazobakiza, zipitie mwenyewe kila mwisho wa mwezi na utie tarehe ya siku hiyo. Kisha uwaambie walimu wako waziwazi kwamba pengo likikutwa mtalitetea pamoja kwa ukweli, lakini sahihi ya uongo hutaitetea.

Mwanachama, Bungoma: Kampasi yetu ni ndogo, ofisi tatu tu. Nani amkague nani?

*Jibu:* Badilishaneni na kampasi kuu au na chuo jirani, kwa barua rasmi kati ya wakurugenzi wenu wa ubora. Mgeni huuliza maswali ambayo ninyi mmeshazoea kutoyauliza. Mpeni tu kanuni zenu azisome wiki mbili kabla, na orodha kamili ya masomo ili achague sampuli mwenyewe.