Kuziingiza Negativi za Umbo Kubwa Kwenye Kompyuta kwa Gharama Nafuu

Mwenye negativi za inchi 4 kwa 5 mara nyingi huambiwa kwamba hana budi kuzipeleka maabara yenye skana ya ngoma (mashine inayoizungusha filamu juu ya silinda), ambako hutozwa kwa kila kipande cha filamu, na akiwa na sanduku zima hukata tamaa kabla hajaanza. Ushauri huo hausemi kwamba ukubwa wa filamu hizi ndio unafuu wake. Eneo la picha katika negativi ya 4 kwa 5 ni zaidi ya mara 13 ya lile la filamu ya milimita 35, kwa hiyo haihitaji kukuzwa sana, na kifaa cha kawaida hutosha. Fedha chache zilizopo ni heri ziende kwenye mwanga mzuri na kwenye njia ya kuilaza filamu ikanyooka.

Kwanza zichambue. Filamu inayonuka siki ni ya asetati, aina ya plastiki, iliyoanza kuharibika. Itenge na uishughulikie mapema, kwa kuwa itaendelea kusinyaa na kujikunja hadi isiweze tena kulazwa. Filamu za kabla ya miaka ya 1940 zisizo na neno SAFETY pembeni huenda zikawa za nitrati, plastiki ya zamani ambayo huwaka kwa urahisi mno, hivyo zisikaribie joto wala moto. Vumbi liondoe kwa kipulizio cha mpira na brashi laini. Usitumie maji wala kitambaa kikavu, maana mkwaruzo kwenye upande wa dawa (usiong'aa, wenye tabaka la picha) haufutiki.

Njia ninayoipendekeza kwa wengi ni kuipiga picha negativi kwa kamera ya kidijitali yenye lenzi ya makro (ya kupiga vitu kwa karibu sana), hata iwe ya mitumba. Tafuta taa bapa ya LED yenye kipimo cha CRI (uaminifu wa mwanga katika kuonyesha rangi) cha 95 au zaidi, na uzibe kwa kadi nyeusi sehemu yote ya taa isiyofunikwa na filamu, kwa sababu mwanga unaovuja pembeni hufifisha weusi na weupe wa picha. Skrini ya tableti inaweza kushika nafasi ya taa, ila sharti filamu iinuliwe sentimita kadhaa juu yake na katikati pawe na plastiki nyeupe ya kutawanya mwanga. Vinginevyo pikseli za skrini zitaonekana ndani ya picha.

Kamera ielekee chini kabisa, sambamba na filamu. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, na dawa yake ni kioo kidogo cha kujitazamia: kilaze mahali pa filamu, kisha urekebishe kamera mpaka uone lenzi yake yenyewe katikati ya picha. Zima taa za chumba, weka ISO 100 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) na f/8 (upenyo wa lenzi), piga kwa taima ili mkono usiitikise kamera, na uhifadhi faili la RAW, yaani data ghafi ya kamera. Kamera ya megapikseli 24 hutoa takriban pikseli 1,000 kwa kila inchi ya filamu ya 4 kwa 5, kiasi cha kuchapa picha ya inchi 13 kwa 16 kwa pikseli 300 kwa inchi. Ukitaka zaidi, sogeza filamu, si kamera, upige vipande vinne au sita vinavyopandana kwa theluthi moja hivi, kisha uviunganishe kwa Hugin, programu isiyolipiwa.

Njia ya pili ni skana bapa yenye taa kwenye mfuniko. Kabla ya kununua, pima upana wa taa hiyo: Epson V700 na V850 huweza filamu hadi inchi 8 kwa 10, lakini taa ya V600 ni nyembamba, hivyo filamu ya 4 kwa 5 hulazimika kuskaniwa mara mbili na kuunganishwa. Usivutwe na tarakimu zilizoandikwa kwenye boksi. Kwa skana za aina hii sioni faida ya kuzidi pikseli 2,400 kwa inchi, na hata kwa kipimo hicho negativi moja ya nyeusi na nyeupe yenye biti 16 hufikia megabaiti 230. Upande unaong'aa ukigusa kioo cha skana, huzuka miviringo ya rangi. Upande wa dawa ndio uelekee chini, na picha igeuzwe baadaye. Zima pia usafishaji wa vumbi kwa mwanga wa infraredi kwa filamu za nyeusi na nyeupe zenye chembe za madini ya fedha, kwa kuwa fedha huuzuia mwanga huo na programu huiona picha yenyewe kama uchafu.

Simu nayo ina kazi yake, nayo ni kupiga haraka picha za kuorodhesha sanduku zima ili ujue zipi zinastahili kazi kamili.

Kugeuza negativi kuwa picha hufanyika vizuri ndani ya darktable, programu ya kuhariri picha za RAW, kwa moduli ya negadoctor, ambayo pia huondoa rangi ya chungwa ya negativi za rangi. Hifadhi nakala kuu kwa TIFF ya biti 16, na JPEG kwa kutumiana. Kila faili lipewe namba, na namba hiyohiyo iandikwe kwa penseli kwenye bahasha tupu kabla negativi haijarudishwa ndani yake.