Somo: Kusoma picha za kamera-mtego katika misitu iliyovurugwa ya Alberta

Somo hili ni la anayetaka kujua, kwa kamera-mtego (kamera inayopiga picha yenyewe mnyama apitapo mbele yake), wanyama wakubwa hufanya nini msitu wa kaskazini unapoungua, unapokatwa au unapopasuliwa na mikuza, yaani njia nyembamba zilizofyekwa kukatiza msitu. Mfano wetu ni Alberta, Kanada. Huko watafuta mafuta wamefyeka mikuza ya kupimia mitetemo ya ardhi. Mingi ya zamani ina upana wa mita 5 hadi 10, nayo hukatizana kama nyavu katikati ya miti ya misprusi na vinamasi.

Majina kwanza. Mnyama ambaye Wakanada humwita caribou tutamwita rendia, maana neno "karibu" litatuchanganya. Musi ndiye mkubwa kuliko wote katika jamii ya kulungu (kwa Kiingereza, deer). Mbwa mwitu hapa ni yule wa kijivu, si mwenye mabaka wa Ruaha.

Hatua ya 1: Ramani. Kwa kila eneo lililoungua au kukatwa, andika mwaka. Mwaka ndio unaoamua nani atakula hapo. Palipokatwa miaka 15 iliyopita pamejaa machipukizi anayoyapenda musi. Kuvumwani ya ardhini (kwa Kiingereza, lichen), chakula cha rendia cha majira ya baridi, huchukua miongo kadhaa kurudi. Kisha pima sehemu iliyovurugwa ndani ya duara la nusu kipenyo cha mita 250, kilomita 1 na kilomita 5 kuzunguka kila kituo, yaani kila mahali utakapofunga kamera. Pima yote matatu, kwa kuwa kundi la mbwa mwitu huzunguka mamia ya kilomita za mraba, wakati kulungu hutosheka na eneo dogo.

Hatua ya 2: Vituo. Viachane angalau kilomita 2. Vituo 40 ni mwanzo mzuri. Vikiwa chini ya 10 kwa kila aina ya uvurugaji, tofauti utakayoiona huenda ni bahati tu. Lazima baadhi viwe kwenye msitu mkongwe usioguswa, la sivyo huna cha kulinganisha.

Hatua ya 3: Kufunga. Funga kamera kwenye mti usioyumba, kimo cha mita 1, ikitazama njia ya wanyama umbali wa mita 3 hadi 5. Ielekeze kaskazini ili jua lisiipige usoni. Kata nyasi na matawi mbele yake, maana tawi moja likipepea juani hujaza kadi kwa siku chache. Pita mbele yake ukitembea polepole uone kama inakunasa. Itegeshe pia ipige picha moja kila siku adhuhuri, hata kama hakuna mnyama. Hiyo ndiyo itakayokuonyesha siku ambayo lenzi ilifunikwa na theluji au dubu aliigeuza kamera.

Hatua ya 4: Muda. Mwaka mzima. Ukipiga majira ya joto peke yake, utawaona dubu weusi kwa wingi na kudhani ndio wenye msitu, kumbe majira ya baridi wote wamelala.

Hatua ya 5: Hesabu. Picha za spishi moja zilizopigwa kituo kimoja ndani ya dakika 30 zihesabu kuwa tukio moja. Gawanya matukio kwa siku ambazo kamera ilifanya kazi kweli, zidisha kwa 100. Matukio 12 kwa siku 180 ni 6.7 kwa siku 100.

Hatua ya 6: Kusoma mnyororo. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa kumsoma kila mnyama peke yake. Msitu mchanga huleta musi na kulungu wa mkia mweupe. Hao huwalisha mbwa mwitu, nao huongezeka. Rendia kinga yake ilikuwa kujitenga: hukaa vinamasini na kwenye misitu mikongwe, mahali pasipo na windo la kutosha kumvuta mbwa mwitu. Mkuza huivunja kinga hiyo, kwa sababu mbwa mwitu huenda juu yake mara mbili hadi tatu ya kasi yake ndani ya msitu, nao mkuza humfikisha hadi kinamasini. Musi hustahimili, kwa kuwa jike mara nyingi huzaa pacha. Rendia huzaa ndama mmoja kwa mwaka. Basi ukiona musi wameongezeka, usiandike "wanyama wamenufaika" kabla hujatazama picha za mbwa mwitu na za rendia katika eneo lile lile.

MASWALI YA WANAFUNZI

*Mwalimu, picha nyingi hutoka mkuzani. Kwa nini tusiweke kamera zote huko?*
Kwa sababu kamera hunasa wapitaji, haihesabu wakazi. Mbwa mwitu mmoja akipita mkuza huo mara sita, una matukio sita. Changanya vituo vya njiani na vya msituni bila kuvitenganisha kwenye hesabu, na matokeo yako yataonyesha mahali ulipofunga kamera tu.

*Kamera zetu zilizima Januari, nasi tulitia betri mpya. Kosa ni nini?*
Huenda zilikuwa alkali. Baridi kali huziua mapema. Tumia betri za lithiamu zisizochajiwa. Theluji nayo: ikiwa hupanda sana, inua kamera na uiinamishe kidogo.

*Moto ni wa asili. Mbona nao huhesabiwa kuwa uvurugaji?*
Kwa rendia, kuvumwani iliyoungua imekwisha, hata kama radi ndiyo iliyowasha. Mpango wa Kanada wa mwaka 2012 wa kuwaokoa rendia huhesabu maeneo yaliyoungua ndani ya miaka 40 iliyopita, na kazi za binadamu huongezewa ukanda wa mita 500 kila upande. Kiwango walichoweka ni angalau asilimia 65 ya makazi ibaki haijavurugwa, na hata hapo nafasi ya kundi kujiendeleza ni asilimia 60.

*Tukipanda miti mkuzani, inatosha?*
Kwenye kinamasi, hapana. Ardhi iliyokandamizwa hubaki chini ikijaa maji, miche ikaoza. Chimba na uinue vilima vidogo, panda juu yake, kisha laza magogo kukatiza njia. Magogo humpunguza kasi mbwa mwitu wakati miche bado mifupi, na baadhi ya mikuza iliyoachwa bila kazi hiyo bado iko wazi baada ya miaka 30 na zaidi.