Nzi anayeua kiini cha mtama: mjue kabla ya kununua dawa

Mtama ukiwa na wiki mbili au tatu tangu kuota, ukaona jani la katikati limenyauka na kugeuka kahawia huku majani ya chini yangali mabichi, usikimbilie dukani. Siku hizi mche ukikauka tu, lawama ya kwanza huwapata viwavijeshi, na mkulima hutoa pesa yake kununua dawa isiyomgusa mdudu mwenyewe.

Livute lile jani kavu kwa vidole viwili. Likichomoka bila taabu na ncha yake ya chini imeoza na kunuka, pasua kishina kwa ukucha. Ukikuta funza mdogo wa rangi ya umanjano, hana miguu wala kichwa kinachoonekana, huyo ni mtoto wa nzi wa mtama, Atherigona soccata. Ukikuta kiwavi mwenye kichwa cha kahawia na vijiguu, na majani yana vitundu vilivyojipanga mstari, huyo ni kipekecha shina, na dawa yake ni habari nyengine.

Nzi wa mtama ni wa ukoo mmoja na nzi wa nyumbani, ila ni mdogo zaidi, wa kijivujivu, na ndiyo maana hatiliwi maanani. Jenasi yake, yaani kundi la aina zinazokaribiana sana, peke yake ina aina zaidi ya 200, nyingi zao za Afrika. Mmoja wao, Atherigona orientalis, huonekana kwenye tungule na pilipili. Mara nyingi hufuata jeraha lililokwishafanywa na mdudu mwengine, kwa hivyo okota matunda yaliyotoboka uyafukie.  

Jike la nzi wa mtama hutaga yai mojamoja upande wa chini wa jani. Ni jeupe, refu kiasi cha milimita moja, limelala sambamba na mshipa wa kati. Baada ya siku mbili hivi, umande ukiwa bado haujakauka, funza huteremka mpaka moyoni mwa mche, hukikata kiini, kisha hula kile kinachooza. Mpaka wewe unaona jani limekauka, yeye yumo ndani ya shina na kazi amekwishaimaliza. Kupulizia dawa wakati huo ni kumwaga pesa.

Tangu yai mpaka nzi kamili ni kama wiki tatu. Hapa ndipo penye siri yote. Wakulima wa mtaa mmoja wakipanda pamoja mvua za mwanzo zikishika, miche huwa imekwishapita umri wa hatari, yaani mwezi mmoja wa mwanzo tangu kuota, kabla nzi hawajawa wengi. Anayepanda wiki tatu baada ya jirani huwapokea nzi waliozaliwa kwenye shamba la jirani yake. Katika maweni, yaani ardhi ya mawe, ya Makunduchi kule Unguja na Micheweni kule Pemba, ambako kila shimo linalochimbwa kwa muo lina udongo kidogo tu, hasara hiyo ni nzito. Kaeni mkubaliane siku ya kupanda.

Tia mbegu nyingi kidogo kuliko kawaida, na usiharakishe kupunguza miche. Ukipunguza, anza kung'oa iliyokauka kiini, na usiiache imelala shambani, maana funza humalizia ukuaji wake humohumo. Ichome, au ifunge kwenye mfuko wa plastiki uiweke juani. Tafadhali usiwape mbuzi: mtama mchanga una sumu ya sayanidi na unaweza kuwaua. Machipukizi yanayobaki baada ya mavuno nayo yang'olewe, kwani nzi hujihifadhi humo mpaka msimu mwengine. Na ukiwa na mbegu zako za asili, tazama asubuhi ni ipi ambayo majani yake machanga yanang'aa. Mtama wa namna hiyo huwa haupendwi sana na nzi hawa, basi itunze mbegu yake.

Harufu ya samaki huwavuta. Watafiti huwatega kwa unga wa samaki. Basi usitupe mabaki ya dagaa pembeni mwa shamba wakati mtama unachipua.

Tena si kila nzi wa ukoo huu ni adui. Wale wa jenasi ya Coenosia huwadaka hewani nzi weupe na wadudu wengine wadogo wanaosumbua mboga. Dawa inayopulizwa ovyo huanza kuwaua hao.

Ukiwa na shaka, mpelekee bwana shamba au wataalamu wa utafiti wa kilimo wa Kizimbani, Unguja, mche mzima wenye funza ndani, sio jani pekee. Ukiweza, uweke kwanza kwenye chupa iliyofunikwa kitambaa chepesi mpaka nzi atoke, kwa sababu aina hizi hupambanuliwa khasa kwa dume lililokomaa.