Namna ya kutunza santuri za panki na katuni za mashujaa katika nyumba ya mawe

Miongozo karibu yote ya kutunza santuri na katuni imeandikwa na watu wa nchi za baridi. Wanakwambia weka vitu vyako pahali pakavu, kisha wanaendelea na mengine. Pahali pakavu! Sisi wa Mji Mkongwe, bahari tunaisikia tukiwa kitandani, kuta zetu ni mawe ya matumbawe na chokaa, na zimekuwa zikinywa maji tangu kabla babu zetu hawajazaliwa. Pahali pakavu tutapata wapi? Basi huu ni mwongozo wa mtu anayekaa Malindi, Mkunazini, Wete au Mkoani, na ambaye amependa vitu viwili ambavyo hapa hakuna aliyemlazimisha kuvipenda: panki ya mahadhi, yaani muziki wa magitaa ya kasi wenye nyimbo fupi, na vitabu vya katuni za kale za mashujaa wa Marekani.

Mimi vyote viwili nilivirithi kwa mjomba wangu. Alikuwa baharia, na meli yake ikitia nanga Long Beach, California. Wenzake walirudi na redio na viatu, yeye akarudi na santuri za vijana wa pwani ile ile na bunda la katuni kuukuu. Watu huniuliza vinahusiana vipi. Mwaka 1962 Stan Lee na Steve Ditko walituletea Peter Parker, ndiye Spider-Man, mtoto wa skuli mwenye miwani, hodari wa sayansi, anayechekwa na wenzake. Mwaka 1982 bendi ya panki ya Descendents ikatoa santuri ya Milo Goes to College, na jaladani kuna katuni ya mwimbaji wao Milo Aukerman, kijana mwenye miwani, ambaye kweli aliiacha bendi akaenda kusoma biolojia. Mtu yule yule, sema huyu hapandi ukuta. Na anayetaka ushahidi zaidi, mwaka 1995 Ramones, bendi nyengine ya panki, waliurekodi wimbo wa katuni ya televisheni ya Spider-Man. Wageni wanaopita chini ya dirisha langu wakisikia magitaa hudhani napiga Queen, kwa kuwa mwimbaji wao Freddie Mercury kazaliwa mji huu mwaka 1946. Nawaacha wapige picha.

Chumba kwanza, rafu baadaye

Ghorofa ya chini, ukuta unapandisha maji kutoka ardhini. Pitisha kiganja, utatoka na unga mweupe wa chumvi. Huko usiweke hata gazeti la jana. Ghorofa ya juu kabisa, chini ya bati, adhuhuri ya Februari hakukaliki, na santuri ni plastiki, inalegea kwa joto. (Usiiache kabisa ndani ya gari lililofungwa juani. Utaitoa ina mawimbi, na wimbi la santuri halinyooshwi kwa pasi, hata kama fundi wako atakuapia.) Kwa hiyo chagua ghorofa ya kati, chumba ambacho dirisha lake halitazami bahari. Upepo wa baharini una chumvi, na chumvi ndiyo inayokula pini za chuma zinazoshika kurasa za katuni.

Rafu iwe ya chuma kilichopakwa rangi au ya mbao ngumu, na iache shibiri moja kutoka ukutani ili hewa ipite nyuma. Kila mtu atakushauri utie kwenye kasha la bibi, lile lenye misumari ya shaba. Kasha ni zuri kwa kanga. Halipitishi hewa, na humo utalazimika kulaza santuri moja juu ya nyengine, ilhali santuri hazilazwi. Zinasimama wima, zikigusana bila kubanana. Angalia na uzito pia: santuri ya inchi 12 peke yake, bila jalada, ni gramu 120 hadi 180, kwa hivyo rafu iliyobeba vitambaa haitabeba mkusanyiko.

Mashine yenyewe ya kupigia santuri ni habari nyengine. Sakafu zetu za boriti zinacheza. Mtoto akipita mbio ukumbini, sindano inaruka beti nzima. Kupigilia rafu ukutani ni kazi bure, chokaa haishiki skrubu. Dawa imo ndani ya nyumba tayari: shubaka. Liwe na kina cha kutosha, lifutwe vumbi, litandikwe ubao, mashine ikae humo ndani ya jiwe. Rukeni mtakavyo, haitikisiki. Lakini mashine tu, santuri zirudi kwenye rafu.

Fuata pepo, usishindane nazo

Nunua kipimo kidogo cha unyevu, kile cha tarakimu, na kiweke kwenye rafu yenyewe, si mezani. Unyevu ukikaa juu ya asilimia 65 kwa muda, ukungu unaanza kazi. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, utakaa juu hapo siku nenda siku rudi, na huna utakalofanya isipokuwa kuisogeza hewa: feni, mwendo wa chini, isielekezwe moja kwa moja kwenye rafu. Ni bora feni inayozunguka siku nzima kuliko kiyoyozi kinachowashwa usiku na kuzimwa asubuhi. Kitu kilichopoa kikikutana na hewa nzito ya nje, maji hujitokeza juu yake, na hapo umeinyeshea mvua katuni yako mwenyewe ndani ya chumba.

Kipupwe kikiingia, Juni hadi Agosti, ndio wakati wa kuanika. Saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri, madirisha wazi, kivulini, toa kila kitu rafuni. Kifungue, kitazame, kinuse. Pua inaujua ukungu kabla ya jicho. Ndiyo maana mimi nina msimamo ambao wakusanyaji wenzangu hawaupendi: usiwe na vitu vingi kuliko unavyoweza kuvipitisha mkononi katika kipupwe kimoja. Ninavyozidiwa navyo nagawa.

Kuhusu dawa za kienyeji. Vifuko vya chembe za kunyonya unyevu, vile vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, vinafaa, mradi ukumbuke kwamba vikishajaa vinakuwa pambo tu. Mchele hapana, unaleta fukusi, na mchele ni wa pilau. Mkaa unatoa vumbi jeusi. Naftalini harufu yake ikiingia kwenye karatasi haitoki. Karafuu najua Wapemba watanigombeza, lakini punje ya karafuu ina mafuta, na mafuta yakigusa karatasi ya katuni yanaacha doa la kudumu. Na udi, jamani, fukizeni nguo na nywele chumba chengine. Moshi wake unatua kwenye mifereji ya santuri, kisha wewe unalalamika kwamba bendi ya Bad Religion wanasikika kama wanaimba ndani ya gunia.

Umeme na mzunguko

Hapa ndipo watu wengi wanapoteza fedha, kwa hiyo soma polepole. Umeme wetu ni volti 230, na mkondo wake unageuka na kurudi mara 50 kwa sekunde. Wa Marekani ni volti 120, mara 60. Ukiletewa mashine ya kizamani kutoka huko, transfoma itashusha volti, lakini ile 50 haiwi 60. Na mashine nyingi za zamani mota zake zinafuata mgeuko huo huo. Matokeo yake, santuri iliyotakiwa kuzunguka mara 33 na theluthi kwa dakika inazunguka kama mara 28. Wimbo wa dakika mbili unachukua dakika mbili na nusu kasoro kidogo, na sauti inashuka. Ramones kwa mwendo huo wanakuwa waimbaji wa maziko.

Kabla ya kulipa, bandika kipande cha karatasi ukingoni mwa sahani la mashine, washa, hesabu linapita mara ngapi kwa dakika moja. Likipita 33 na kidogo, nunua. Likipita 28, muulize muuzaji kama mota inayo kapi ya pili ya mgeuko wa 50. Baadhi ya mashine zinayo, na kuibadilisha ni kazi ndogo. Mashine za siku hizi zinazotumia chaja ndogo ya ukutani hazina tatizo hili.

Mkanda wa mpira ndani ya mashine huchoka haraka kwa joto letu. Agiza wa akiba pamoja na mashine. Fundi atakwambia mkanda wa cherehani unaweza, usimkubalie.

Uzito wa sindano hupimwa kwa gramu, kwa kawaida gramu 1.5 hadi 2 kwa sindano nzuri. Kama huna mizani yake, nenda kwa sonara unayejuana naye, beba mashine ndani ya kikapu, ombeni chai, pimeni. Ile tabia ya kubandika sarafu juu ya kichwa cha sindano ili isiruke inachimba santuri. Sindano ikiruka, ama santuri ni chafu, ama sakafu inacheza.

Na adabu: adhana ikianza, inua mkono wa sindano. Panki ni nyimbo fupi, hupotezi kitu. Ramadhani mchana mimi hutumia spika za masikioni, na majirani bado wananisalimia.

Kuosha

Maji ya bomba ya Unguja yanatoka kwenye mawe ya chokaa, angalia birika lako. Yakikaukia kwenye mifereji yanaacha chokaa ile ile. Tumia maji yaliyotoneshwa, yale safi ya kuongezea betri ya gari. Narudia, yale safi, si yale makali yenye asidi, soma chupa mara mbili. Tone moja la sabuni ya vyombo, kitambaa laini kisichotoa nyuzi, futa kufuata mzunguko, kamwe usikate kutoka kati kwenda nje. Suuza kwa maji yale yale, simamisha ikauke kivulini, na uirudishe kwenye bahasha mpya ya plastiki badala ya ile ya karatasi iliyokwisha shika ukungu.

Ukikuta santuri nzito, ngumu, zinazovunjika, yaani zile za taarabu za zamani za mizunguko 78, usizitendee hivi kwa pupa. Hizo si plastiki bali ni gundi ya wadudu iliyochanganywa na vumbi la mawe. Spiriti inaziyeyusha, na sindano ya santuri za kisasa ni nyembamba mno kwa mifereji yake. Siti binti Saad, mwimbaji wetu wa taarabu, alirekodi Bombay mwaka 1928. Kama katika mafurushi ya nyumba yenu imo moja ya hizo, waache hao Ramones kwanza, uitunze hiyo.

Katuni

Karatasi ya katuni za miaka ya 1960 ilikuwa ile ya gazeti, rahisi kabisa, maana kitabu kiliuzwa senti 12 na hakuna aliyedhani kitahifadhiwa. Ndani yake mna asidi inayoila polepole, na mwanga unaisaidia. Kwa hiyo unahitaji giza, mfuko na ubao. Mfuko uwe wa plastiki safi isiyokuwa ile ya kunukia, na ukianza kugeuka manjano au kunata, ubadilishe. Ubao wa nyuma uwe wa karatasi isiyo na asidi, na ulio bora umetiwa chokaa kidogo, ambayo inaipoza asidi. Wakati wa kuagiza taja zama, si jina tu, kwa kuwa katuni za zamani ni pana kuliko za leo na mfuko wa leo utazikunja pembe. Usiufunge mfuko kwa gundi kabisa katika hewa yetu. Kunja mdomo wake tu, ili unyevu uliomo upate pa kutokea.

Pini zikiota kutu, usizing'oe kwa kisu. Ziache, hifadhi pakavu zaidi, kutu itapunguza mwendo. Ukiona ukungu, toka nje uwanjani, funga pua na mdomo, ufagie kwa burashi laini kavu, na katuni hiyo ikae mbali na wenzake kwa muda. Usifute kwa kitambaa kibichi, utausugua ndani.

Sikushauri ununue matoleo ya kwanza, bei yake ni ya kiwanja. Marvel, wachapishaji wake, walichapisha upya visa vya mwanzo vya Spider-Man katika mfululizo wa Marvel Tales, na zile zinapatikana kwa bei ya binadamu. Michoro ya Ditko, ambaye alichora The Amazing Spider-Man toleo la 1 hadi la 38, ni ile ile.

Na kama dari likivuja na katuni ikalowa chapa, na wewe uko kazini au huna nafasi ya kuikausha siku hiyo, itie kwenye mifuko miwili ya plastiki na uiweke kwenye friza. Baridi inasimamisha ukungu na kuzuia kurasa zisigandane. Andika juu yake kwa kalamu nene kwamba si samaki. Ukipata siku tulivu, itoe, iache iyeyuke ndani ya mfuko, kisha weka karatasi nyeupe kavu kila baada ya kurasa chache, uzibadilishe zinapolowa, feni ikipuliza kwa mbali. Ikikaribia kukauka ndipo uiweke chini ya vitabu vizito hadi inyooke.