Namna ya kufundisha batoto ping-pong sawa Bachina, mu parsele yako tu, hapa Lushi (Lubumbashi)

Jambo yenu bandugu. Tangu batoto ba avenye yetu ku komini Katuba balianza kushinda bakubwa, kila siku kuko muntu anakuya kuniuliza ile mesa ya beto nilijenga namna gani na ile mazoezi nilitosha wapi, basi naandika yote hapa mara moja, mwenye ataniuliza tena nitamutuma asome.

Mazoezi nilitosha kwa Bachina. Sikufika kule, hata Kasumbalesa, pa mupaka na Zambia, nafikaka kwa shida, ni kuangaria machi yao mu telefone na kusoma namna balianza. Na toa mu kichwa ile mawazo ya kusema Muchina anazaliwaka na rakete mu mukono. Mupaka 1959 China nzima haikukuwa na shampiona wa dunia hata mumoja, mu muchezo wowote. Wa kwanza njo Rong Guotuan, kijana wa kutoka Hong Kong, alishinda kule Dortmund, Ujerumani, na mwaka mbele ya ile alikuwa aliahidi mbele ya bantu kama mu miaka 3 atakuwa shampiona. Na juu ya nini ping-pong? Juu 1958 China ilitoka mu Olimpiki kwa magomvi ya Taiwan, lakini mu shirikisho ya ping-pong ya dunia ilikuwa imeshaingia tangu 1953, ule mulango ulibakia wazi. Kisha ni muchezo wa maskini, haiombi uwanja, haiombi viatu bya bei. Leo, tangu ping-pong iingie Olimpiki mu 1988 mupaka Paris 2024, kulipanwa medali za zahabu 42 na Bachina babeba 37. Utasema ni dawa. Hapana, ni mesa.

Basi tuanze na mesa. Ya duka iko bei, ya mbao inakunjama na mvua ya mwezi wa kumi na mbili. Kule China mu masomo mingi mesa iko ya beto, inje, na pa nafasi ya wavu banapangaka matofali. Njo ile nilifanya. Urefu metre 2.74, upana metre 1.525, kutoka chini mupaka juu santimetre 76, na wavu santimetre 15.25. Matofali yetu ya kuchoma hayalingane, pima na rula, usipange kwa macho. Mesa ya kwanza niliimwanga mu mwezi wa tisa, jua ya Lushi ya ile mwezi munaijua, na mimi nilikuwa na haraka sikuimwangilia maji, siku ya tatu ikapasuka katikati sawa mukate. Ya pili nilitia byuma ndani, nikaifunika na magunia, mama ya batoto akaimwangilia asubuhi na mangaribi siku 7. Iko mupaka leo. Pa juu ulainishe sana, juu kajiwe kamoja tu kanarusha kampira pembeni kisha batoto banaanza kugombana na bazazi nabo banatoka. Ujenge karibu na ukuta, kampira kanapima gramu 2.7, upepo wa kiangazi unakabeba mupaka kwa jirani.

Kushika rakete sitakawia. Zamani Bachina mingi balikuwa banashika sawa kalamu, leo bakubwa bao sawa Ma Long na Fan Zhendong banashika sawa unasalimia muntu. Liu Guoliang alishika kalamu, akaongeza kaushu ku mugongo ya rakete na akapiga na pande zote mbili, 1996 akakamata zahabu ya Atlanta. Acha mutoto ashike vile anasikia, kisha usimubadilishe kila juma.

Sasa siri yenyewe, kampira mingi. Batoto betu banachezaka namna hii: kamoja kanaanguka, kanaingia chini ya gari, bote banaenda kutafuta, saa moja inapita na mutoto alipiga mara 40. Muchina anaweka ndoo imejaa, antrenere anasimama upande wa pili na anatupa moja, moja, moja, bila kungoja, mutoto anapiga tu na kusogeza miguu. Mu dakika 10 anapiga kuliko wetu mu siku tatu. Mimi nilianza na kampira 9, sikuwa na ingine. Nyuma ya mesa tulifunga chandarua ya zamani yenye ilipasuka, kampira zote zinaangukia mule, katoto kadogo kanaokota na kurudisha mu ndoo. Tisa zinatosha kabisa kama mwenye anaokota hachelewe. Tupa tatu ku mukono wa kuume, tatu ku kushoto, tatu ovyo ovyo, kisha badilisha muntu. Usisahau miguu, mwenye anasimama sawa mulingoti umutoshe inje azunguke parsele mara moja, atakumbuka.

Sevisi, ni kusema pigo ya kuanza. Hapa nililipa mimi mwenyewe. Kuko Muchina mumoja anauzishaka bya kujenga, njo kwake nilikamata simenti, siku moja akapita kuona mesa ya simenti yake. Hajui Swahili mingi, anajua bei na "sawa sawa". Akaomba rakete. Kijana wetu mukubwa, mwenye anajiitaka jenerali, akasimama, akapigwa 11 kwa 2, na zile mbili nawaza Muchina alimuhurumia. Sevisi moja ilivuka matofali, ikagusa mesa, kisha ikarudia yenyewe ku matofali sawa ilisahau kintu, kijana amenyoosha mukono na kampira kameshakwenda. Batoto balilia na kucheka. Yule muzee akatuonyesha: rakete imelala, anapita chini ya kampira anasugua, sawa mama anapangusa sahani, hapigi. Mazoezi iko rahisi, simama peke yako, fanya sevisi mupaka kampira kakirudi kwako kwenyewe, 100 kila siku. Sheria inataka kampira kakae pa kiganja wazi, urushe juu angalau santimetre 16, na tangu 2002 haupashwe kukaficha na mwili ao mukono, mwenye unacheza naye akaone.

Kintu yenye sikuona kwa ekipe ingine hapa mujini ni hii. Mbele ya mashindano ya dunia ya 1961 kule Beijing, Bachina balisikia Bajapani beko na pigo mupya, kampira kanazunguka sana kisha kanaruka vibaya. Balifanya nini? Mu ekipe yao balichagua bachezaji, bakaacha muchezo yao wenyewe, bakajifunza kucheza sawa Mujapani, siku yote, ili bandugu zao bazobee. Ekipe ikashinda Japani 5 kwa 3 mu finali, na Zhuang Zedong akakamata ya muntu mumoja mumoja, akarudilia 1963 na 1965. Fikiria uko muchezaji muzuri na banakuambia kazi yako ni kuwa adui wa mazoezi. Sisi tulikuwa tunapigwa kila mara na kashoto mumoja wa ku komini Kenya, hapa hapa Lushi. Nikakamata kasichana ketu ka kushoto, nikakaambia wewe ni yeye, piga sawa yeye, hata tembea sawa yeye, na kale kanajua kuiga, kalikuwa kanatema mate pembeni vilevile. Tulifanya vile majuma tatu nzima. Tulipokutana tena, bale bengine hawakumuogopa. Mwenye anafanya ile kazi mumupatie nyama ya kwanza pa bukari, siku ya machi yeye hapigiwe mikono.

Mutoto mufupi usimufukuze. Deng Yaping, mwanamuke Muchina, ekipe ya jimbo yake ilimukataa juu ya urefu, akamaliza na zahabu 4 za Olimpiki, mbili Barcelona 1992 na mbili Atlanta 1996.

Na mukipigwa, andikeni. Bachina nabo bapigwa, hata vibaya: 1989 kule kule Dortmund banaume ba Sweden babapiga 5 kwa 0 mu finali. 1991 ekipe ya banaume ikaanguka mupaka nafasi ya 7. Habakusema ni ndoki ao arbitre. Bakaangaria tena namna Sweden inacheza, bakaingiza bitu bipya, na 1995 Tianjin, mu finali na Sweden tena, bakatosha Ding Song, muntu wa kukata kampira nyuma kisha kushambulia ghafla, Sweden hawakuzobea ile. China ikashinda 3 kwa 2. Sisi tuko na kaye ya masomo, kila machi mutoto anaandika kampira tatu zenye alikosa na pahali zilipita. Bengine hawajui kuandika muzuri, banachora mesa na msalaba.

Kitu kidogo cha mwisho, babazee ba avenye bangali banahesabu mupaka 21. Ile iliisha 2001, sasa ni 11, na sevisi mbili mbili, muntu asikudanganye. Na kampira kakibonyea usikatupe, weka mu kikombe ya maji moto, kanajaa tena. Lakini zile za zamani za seluloidi usizisogeze karibu na makala, zinawaka sawa petroli, kandevu kangu kalishajua.