Namna ya kuujua mkono wa mchoraji mmoja ndani ya katuni ya mwingine

Watu wengi wakisikia katuni fulani ya gazetini imeathiriwa na nyingine wanakimbilia sura, eti huyu kamchora mtoto kichwa kikubwa na yule naye kichwa kikubwa basi kaiga. Hapana bana. Sura ndo kitu cha kwanza mchoraji anabadilisha. We angalia alikuwa na shida gani mezani pale na kaitatuaje, hapo utamkamata mapema tu.

Mfano ntakaokaa nao ni Peanuts ya Charles Schulz na Calvin and Hobbes ya Bill Watterson, zote za Marekani. Peanuts ilianza Oktoba 1950 kwenye magazeti 7, Calvin and Hobbes ikaanza Novemba 1985 na kufungwa siku ya mwisho ya 1995. Watterson hajawahi kuficha, alishasema Peanuts ilimlea, pamoja na katuni za Pogo ya Walt Kelly na Krazy Kat ya George Herriman. Kwa hiyo deni lipo, hatubishani hilo, tunatafuta liko wapi.

Anza kwa kuziba maneno. Kama ni karatasi weka karatasi nyingine juu, kama ni simu piga skrinshoti upake rangi juu ya maandishi yote, ubaki na picha tupu. Tafuta ile Peanuts ambayo Charlie Brown na Linus wameegemea ukuta wa matofali. Ukiziba maneno hakuna kinachotokea kabisa, maboksi manne ya picha, watoto wawili, viwiko juu ya ukuta, labda boksi la tatu mmoja kageuza shingo basi. Sasa tafuta Calvin na chui milia wake Hobbes wako ndani ya kitoroli wanateremka mlima katikati ya miti. Ziba maneno uone, kitoroli kinaruka mawe, kinapaa, kinaishia mtoni au korongoni huko, purukushani mwanzo mwisho. Utasema hizi hazijuani kabisa.

Fungua maneno sasa. Wote wanaongea mambo yaleyale! Maisha yana maana gani, kwa nini watu wabaya, nikikua itakuwaje, mtoto wa miaka 6 anaongea kama mzee wa baraza. Shida yao ni moja, gazeti limekupa kaeneo kama kiganja na we unataka watoto wawili waongee mambo mazito msomaji asichoke. Schulz akawapa ukuta, akatuliza kila kitu ili hata shingo ikigeuka uishtukie (na kumbuka Peanuts iliuzwa tangu mwanzo kama katuni ya kuokoa nafasi, maboksi manne sawasawa ambayo mhariri anaweza kuyapanga kwa mlalo, kwa wima au mraba, ndo maana michoro yake ni mikavu vile). Watterson akachukua mazungumzo yaleyale akayapandisha kwenye kitoroli, falsafa inapanda huku mwili unaporomoka. Mimi nikitazama kitoroli kile naona ukuta wa Schulz uliowekewa magurudumu.

Jaribio lingine ni la ndoto. Snoopy, yule mbwa wa Charlie Brown, tangu 1965 anapanda juu ya kibanda chake anajifanya rubani wa vita ya kwanza ya dunia, lakini ndege yenyewe huionyeshwi, unaona kibanda tu, mengine unajaza mwenyewe. Kwa Calvin akijifanya mwanaanga Spaceman Spiff unaletewa sayari nzima, majabali, majitu, kivuli kila mahali, halafu boksi la mwisho paap, kumbe yuko darasani na mwalimu kasimama mbele yake. Wazo moja, mlango tofauti. Na hayo majabali ukiyafuatilia hayatoki kwa Schulz, hapo ndo unamwona Herriman ambaye Krazy Kat yake iko kwenye jangwa la Arizona, na mandhari inabadilika boksi hadi boksi bila mtu kushangaa. Kwa hiyo usiridhike na baba mmoja, tafuta na babu.

Kama unataka kesi rahisi ya kuanzia chukua Doonesbury ya Garry Trudeau, ya 1970, uweke pembeni ya miaka ya kwanza ya Bloom County ya Berkeley Breathed, iliyoanza Desemba 1980. Hapa usiangalie picha, hesabu kicheko kinaangukia wapi. Trudeau ana tabia ya kuchekesha boksi la tatu halafu la nne anaongezea kaneno kadogo ka pembeni, kama mtu anayeondoka huku anajibu. Breathed wa mwanzo anafanya vilevile, baadaye pengwini Opus anashika usukani na mdundo unakuwa wake.

Kwenye wino kuna Noel Sickles na Milton Caniff waliochangia studio New York miaka ya 1930. Sickles kwenye katuni ya Scorchy Smith aliacha kuchora mistari myembamba mingi akawa anamwaga vivuli vyeusi kwa brashi. Caniff akamfuata. Fungua katuni yake Terry and the Pirates ya mwishoni mwa 1934 kisha fungua ya 1936, utadhani kuna mtu kazima taa.

Ila angalia miaka kabla hujamtuhumu mtu, na angalia sababu. Ule mstari wa Schulz unaotetemeka miaka ya mwisho kuna vijana wanauiga wakidhani ni staili, wakati mzee mkono ulikuwa unatetemeka kweli.

Mwisho nakili kwa mkono. Weka karatasi nyepesi juu, pitisha kalamu. Mimi nilijaribu kichwa cha Charlie Brown nikidhani ni duara tu, nimeharibu karatasi saba na kila kichwa kilitoka kama kiazi. Ukimaliza chukua mazungumzo ya ukutani uyachore upya kwenye kitoroli, maneno usiguse hata moja, halafu uone ni boksi gani linaloanza kukusumbua.