Pikipiki Inayosita Baada ya Injini Kufanyiwa Marekebisho
Mteja anapolalamika kwamba pikipiki inasita kila anapovuta mafuta baada ya kubadilishiwa ekzosi na chujio la hewa, mafundi wengi hapa Tanga hukimbilia kubadilisha jeti kubwa ya kabureta (kitundu cha kupitishia petroli ndani ya kifaa kinachoichanganya na hewa), ilhali jeti hiyo hutawala zaidi pale mkono wa mafuta unapovutwa karibu wote. Kusita kwa mwanzoni, mkono ukiwa haujafika robo, aghalabu hutokana na jeti ndogo na skrubu yake. Kuanzia robo hadi robo tatu, mwenye kauli ni sindano, kijiti chembamba kinachopanda na kushuka ndani ya kabureta kadiri unavyovuta mafuta.

Kabla ya kufungua chochote, acha injini ipate moto, kisha vuta kidogo choki, inayozidisha petroli kuliko hewa: kusita kukipungua, petroli haitoshi, kukiongezeka, petroli imezidi. Ikiwa haitoshi, kagua kwanza mpira unaounganisha kabureta na injini, kwani ufa mwembamba, ambao pengine hauonekani mpaka uukunje mpira kwa vidole, huingiza hewa na kuvuruga kila kipimo utakachoweka. Mpira ukiwa mzima na kusita kukiwa kwa katikati, shusha klipu inayoshikilia sindano ngazi moja ili sindano ipande na petroli iongezeke, ujaribu tena barabarani, bila kugusa kitu kingine kwa wakati huo.

Anayepeleka abiria Lushoto atambue kwamba chombo kilichopimwa Tanga, usawa wa bahari, huenda kikaonekana kuzidiwa na petroli baada ya kupanda kutoka Mombo, kwa sababu hewa ya milimani ni nyepesi. Hapo fundi asilaumiwe.